Huyu Ana Mwili

Nitaanza kwa kutenganisha. Niliyoyaona kwa macho yangu mwaka ule mjini Bariadi ni haya: chumba cha nyuma cha duka la Mzee Shabani, chupa tulizozifungua humo, ndoo ya maranda, mtu akipigwa mawe mbele ya jinari ya pamba, na alasiri moja ya siku ya mnada iliyoniachia jicho moja. Niliyoyasikia ni mengi zaidi, nami siyaandiki kama ushahidi: idadi ya watu waliokuja, jina la aliyepiga mwano wa kwanza, yaani yowe la kuwaita watu, na jina la aliyeleta panga. Kifo cha Bwana Ndahani sikukiona. Kaburi lake nimeliona, na nimelipalilia kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo najua kwamba alikufa. Lakini kujua kwamba mtu amekufa si sawa na kujua alivyokufa, na miaka niliyoitumia katika ukaguzi wa shule imenionyesha kwamba watu wengi, hata waliosoma, hawaoni tofauti hiyo.

Ninaandika kwa sababu ya hotuba. Mwezi uliopita tulimzika Masanja kule Sapiwi, naye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho, mbali na mimi, aliyekuwamo chumbani siku ile. Mpwa wake alishika kipaza sauti na kuwaeleza waombolezaji kwamba marehemu, katika ujana wake, alifundishwa kuonja mvinyo na Mgogo mmoja mwenye dharau, aliyekuwa akiziita chupa majina ya binadamu, na kwamba maneno hayo ya dharau ndiyo yaliyomponza. Watu wakaguna kwa kukubali. Mwanamke aliyeketi nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Nilisikia ilikutwa damu ndani ya chupa." Mwenzake akajibu, "Damu kabisa, na nywele." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, kwa heshima ya umri wangu, na sikusimama kumsahihisha mtu. Siku ile ya mnada pia sikusimama. Kwa hiyo yaliyo humu yachukuliwe kuwa ni kusimama kwangu, ijapokuwa nimechelewa.

Ya ukoo wangu hayahusiki. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimefaulu Kiswahili kwa kiwango kilichonitia kiburi, na nilikuwa nikisubiri nafasi ya chuo. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na mji wenyewe ulikuwa barabara ya vumbi iliyoishia jinari. Kampuni moja ya utalii ilikuwa ikijenga kambi ya mahema karibu na Lamadi, ambapo wageni wangetoka mbugani na kulitazama ziwa, nayo ilitaka vijana wawili wanaojua kumhudumia mgeni mvinyo bila kujiaibisha. Kwa kuwa kambi haikuwa tayari, makreti ya chupa yaliletwa Bariadi pamoja na mwalimu. Mwalimu alikuwa Bwana Ndahani, mtu wa makamo, mwembamba, aliyevuna zabibu Dodoma tangu utotoni na baadaye kufanya kazi katika chumba cha mapipa cha wamisionari. Mwanafunzi wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Masanja, aliyeishia darasa la saba na kuwajua ng'ombe kuliko alivyojua kitu kingine chochote.

Chumba tulikipata kwa Mzee Shabani, muuza vitenge na sukari, ambaye wazee wake walitoka Ujiji. Nilikuwapo alipoweka masharti. "Pombe haiingii dukani kwangu," alisema. "Chumba kile kina mlango wake, na aliyekikodi ni kampuni. Lakini tone moja likigusa sakafu yangu, nawatoa ninyi na chupa zenu." Ndahani akamwambia kwamba halitagusa. "Na mkilewa?" Ndahani akajibu, "Hatulewi, Mzee. Tunatema." Mzee Shabani alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepewa chenji pungufu. "Mnanunua pombe ya bei ile, mnaitia kinywani, halafu mnaitema?" "Ndiyo, Mzee." "Basi ninyi ni wendawazimu, lakini walevi siyo. Ingieni." Ili kulinda sakafu yake tulichukua maranda kwa seremala, tukayajaza kwenye ndoo, na kila tulichokionja tukakitemea humo. Maranda yakilowa mvinyo mwekundu huvimba na kushikana, na nzi huyapenda. Kila jioni Masanja aliyamwaga shimoni, hatua chache nyuma ya jiko la Minza.

Ndahani alifundisha kwa mwiko wa mti mgumu. Aliyemeza alipigwa vifundoni mwa vidole. Aliyeshika bilauri tumboni badala ya kwenye shina lake alipigwa vifundoni pia. Aliyecheka alipigwa kokote. Alitupangia chupa kwa zabibu zake: sheni, nyeupe, inayonuka asali na kuacha uchachu pembeni mwa ulimi, sira, nyeusi, yenye pilipili manga ndani yake, na makutupora ya kwao Dodoma, nyekundu nzito, yenye ukakasi unaoukunja ulimi kama ndizi mbichi. Aliposema mvinyo fulani ni mkavu, Masanja aliuliza, "Maji yanakuwaje makavu, baba?" Mwiko ulitua kabla ya jibu. "Sukari yake yote imeliwa na chachu. Haikubaki hata ya kuwadanganya watoto. Huo ndio ukavu." Masanja hata hivyo alituzidi sote wawili kwa pua. Mtu aliyekua zizini hunusa ndama mgonjwa kabla hajamwona, na kijana huyo, akiwa amefumbwa macho kwa kitambaa, aliweza kusema, "Hii ni ile ya jana, ila leo inanuka zizi baada ya mvua," na ikawa kweli kwamba ni ile ya jana, na imeanza kuharibika. Ndahani hakumsifu. Alimwongezea chupa.

Siku moja ya msimu wa kununua pamba, wakati nyuzi nyeupe zilipokuwa zikipepea hadi mezani kwetu, watu walimkamata mtu mbele ya jinari wakisema ameiba baiskeli. Dirisha letu lilikuwa upande huo. Niliona jiwe la kwanza likimpata begani, na la pili likimpata mdomoni. Nikaona akijaribu kuokota meno yake, jambo ambalo mpaka leo silielewi, kwa sababu hakuwa na pa kuyapeleka. Kisha tairi likaletwa. Ndahani alifunga dirisha, akamimina sira katika bilauri tatu, akasema, "Nuseni." Tukanusa. "Masanja, kuna nini?" "Mpira unaoungua, baba." Mwiko ukampata kiganjani. "Huo haumo ndani ya glasi. Umo chumbani. Nusa tena." Masanja alikuwa akilia. "Pilipili," akasema hatimaye, "na moshi." "Moshi wa mti au wa mpira?" "Wa mti." "Vizuri. Tenganisha kilichomo ndani ya glasi na kilichomo chumbani. Asiyeweza kutenganisha hivyo viwili asiseme lolote mbele ya watu." Nimeongozwa na kanuni hiyo maisha yangu yote, katika ofisi, kwenye mabaraza ya nidhamu, nyumbani kwangu. Nimewahi pia kujiuliza ni mtu wa namna gani anayefundisha pilipili wakati binadamu anaungua ng'ambo ya dirisha, na sijapata jibu ninaloweza kuliapia.

Ukatili ule haukubaki nje. Wiki chache baadaye Masanja alimeza makutupora kwa makusudi, bilauri nzima, akitutazama. Ndahani akampiga mwiko wa mdomo na kumpasua mdomo wa juu. Masanja akanyakua chupa kwa shingo, akaivunjia ukingo wa meza, akamwendea. Nilijitia katikati, na kovu la kiganja changu cha kushoto limetokana na kioo kile. Mvinyo na damu vilitiririka mezani pamoja, na sisi watatu, kwa hofu ya sakafu ya Mzee Shabani, tukaacha ugomvi na kuanza kufuta kwa mashati yetu. Ndahani ndiye aliyenifunga jeraha. "Umeona?" alisema, huku akikaza kitambaa. "Vyekundu vyote viwili, lakini kimoja kimeganda. Mvinyo haugandi." Alikuwa akifundisha hata hapo.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Maneno ya kazi yake Ndahani aliyajua kwa lugha za watu wa mapipa, na kinywani mwake yalikuwa "bodi", "legi" na "nozi". Mimi sikuvumilia. Nilimwambia kwamba Kiswahili si lugha maskini, nikaomba chaki. Uzito wa mvinyo kinywani nikauita mwili. Michirizi inayoshuka ukutani mwa bilauri baada ya kuzungushwa nikaiita miguu, na matone yanayochelewa juu yake nikayaita machozi. Harufu ya kwanza nikaiita pua. Kisha nikasimama kama nilivyozoea kusimama darasani na kujenga hoja ambayo niliona haina tundu. Mwalimu mwenyewe, nilisema, ametufundisha kwamba mvinyo hupumua, hukua, huugua, huzeeka na kufa. Kinachopumua na kufa ni kiumbe hai. Kiumbe hai katika Kiswahili huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza, kama mtu, kama ng'ombe. Kwa hiyo tusiseme "huu una mwili". Tuseme "huyu ana mwili". Si "umekomaa", bali "amekomaa". Si "ulazwe gizani", bali "alazwe". Ndahani alicheka, kwa mara ya kwanza na ya mwisho mbele yangu. "Wewe umesoma hadi ukaharibika," alisema. "Lakini acha ubaoni." Masanja aliupenda mtindo ule mara moja, kwa kuwa ng'ombe wake nao walikuwa wa ngeli hiyo. Tangu siku ile hakuna aliyesema "huu" katika chumba kile.

Kati yetu na jiko la Minza palikuwa na ukuta wa matofali mabichi usiofika kwenye bati. Minza alikuwa mama wa makamo aliyetulisha: michembe ya viazi vikavu na maziwa mgando asubuhi, ugali wa muhogo kwa sato mkavu wa Lamadi mchana, na mlenda siku ambazo samaki hakufika. Alikuwa mcheshi. "Mwadila, mayu," tulimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake mchana. "Mwadila, baba zangu. Leo mnatema tena?" "Tunatema, mayu." "Mungu awasamehe. Marehemu mume wangu angewafufukia." Nilikula mkononi mwake karibu mwaka mzima, na sijawahi kumshika na uongo. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaosimulia kwamba alitusingizia. Hakutusingizia. Kila neno alilolipeleka sokoni lilikuwa limetamkwa.

Mwishoni mwa kiangazi mtoto wa dada yake, binti mdogo aliyeitwa Kabula, alipotea kule Kalemela alipokwenda kuchota maji. Zilikuwa nyakati ambazo watu waliamini kwamba kuna wanunuzi wa viungo vya binadamu, na hofu hiyo haikuwa ya wajinga peke yao. Siku ya kwanza Minza alitupikia bila utani. Siku ya pili ugali uliungua. Siku ya tatu alisimama mlangoni kwetu bila chakula na kuuliza, "Ninyi mnaopokea wageni wa magari, hamjasikia lolote?" Ndahani akamjibu kwamba hatujasikia. Nyuma ya Ndahani, ndoo ilikuwa wazi. Nilimwona Minza akiitazama. Baadaye nilisikia kwamba Kabula alipatikana mzima kwa ndugu wa baba yake, upande wa Magu. Sikumwona, kwa hiyo sisemi kwamba alipatikana.

Siku ya nne ilikuwa ya mnada. Ndahani alikuwa akitufundisha kuchagua chupa za kuhifadhi na chupa za kunywewa mapema, nami naweza kuyaandika mazungumzo hayo neno kwa neno, kwa sababu nimeyasema moyoni mara nyingi kuliko sala yoyote.

"Huyu ana mwili?" aliuliza Ndahani.

"Anao, baba. Mzito," alijibu Masanja.

"Mwangalie miguu."

"Mirefu. Na machozi yanachelewa."

Nikaongeza mimi, kwa sauti ya mtu anayejipenda: "Lakini bado mdogo. Tukimfungua sasa tutapata hasara. Alazwe gizani."

"Na yule wa pembeni?"

"Yule amekomaa," nikasema. "Tummalize leo."

Upande wa pili wa ukuta sufuria ilianguka. Niliisikia kwa masikio yangu, ikazunguka sakafuni mpaka ikatulia. Hakuna aliyeiokota.

Haukupita muda, mwano ukaanza. Asiyeujua asidhani ni kelele za kawaida. Ni sauti kali ya juu inayopokewa kutoka mtu hadi mtu, na kila anayeisikia ana wajibu wa kuacha alichoshika na kwenda. Kupitia dirishani niliona watu wakigeuka mmoja mmoja kutoka kwenye ng'ombe waliokuwa wakiwauza. Mzee Shabani alitoka dukani na kusimama mbele ya mlango wetu, kanzu yake nyeupe, mikono imenyooshwa pande zote mbili. "Ndugu zangu, humu mna pombe," alisema. "Naapa, ni pombe tu. Nawasikia kila siku." Mtu mmoja mrefu, aliyevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwapo, akamuuliza, "Tangu lini wewe, Mzee Shabani, unapangisha pombe?" Mzee alifungua kinywa, na aibu ikamzuia kwa pumzi moja. Pumzi hiyo iliwatosha. Walimsukuma akaanguka kwenye kizingiti. Nikasikia nyonga yake ikigonga jiwe, nao wakapita juu yake.

Masanja na mimi tulipigwa ngumi na mateke mpaka tukawa ukutani. Ndahani alipigishwa magoti. Mtu wa koti akaiinua ndoo na kuimimina juu ya sakafu ambayo kwa mwaka mzima hatukuidondoshea tone. "Hii ni nini?"

"Maranda," alisema Ndahani.

"Na huu wekundu?"

"Ni mvinyo tulioutema."

"Mwanamume gani anayetema pombe?"

Chumba kizima kilicheka. Nimesikia vilio vingi maishani mwangu na nimevisahau, lakini kicheko kile bado ninacho, kwa sababu kilikuwa cha haki. Hakuna mtu katika Usukuma wote aliyewahi kumwona mwenzake akinunua pombe na kuitema. Hoja yao, kama yangu ya ubaoni, haikuwa na tundu.

Mtu wa koti akamgeukia Masanja. "Wewe ni wa Sapiwi. Baba yako tunamjua, hasemi uongo. Mnatema?"

"Tunatema," alisema Masanja.

"Yule mdogo mliyesema alazwe gizani, mmemlaza wapi?"

"Ni chupa, baba. Ziko chini ya meza."

"Chupa inaitwa huyu?"

Masanja akanitazama. Wote wakayafuata macho yake. Mtu wa koti alinijia karibu, nikanusa jasho, tumbaku na samli, na nikajichukia kwa kuvipanga vizuri namna ile. "Kijana, wewe umesoma. Nani alianza kuviita vitu hivi huyu?"

Nilijua jibu, na pia kanuni ya sarufi niliyoitumia na ukurasa ilipoandikwa. Ubaoni, nyuma ya kichwa chake, mwandiko ulikuwa wangu, nami nilikuwa mmoja wa wachache sana chumbani mle walioweza kuusoma. Sikusema kitu. Fimbo ya mtu aliyesimama pembeni yake ilinipata jicho la kushoto, nikahisi kitu cha moto kikishuka shavuni, na jicho hilo halikuona tena.

Kwa jicho la kulia nilimwona Ndahani, akiwa bado amepiga magoti, akinyoosha mkono mezani na kuivuta chupa ya makutupora iliyokuwa imefunguliwa. Waliomshika walimwachia, labda kwa udadisi. Alimimina. Aliishika bilauri kwa shina lake. Damu ilikuwa ikimtoka puani, kwa hiyo hakunusa. Alikunywa mpaka mwisho, koo likipanda na kushuka, mtu ambaye kwa mwaka mzima sikumwona akimeza hata funda moja. Kisha akaigeuza bilauri tupu mbele ya yule wa koti na kusema polepole, kama anayemfundisha mtoto, "Huu ni mvinyo. Huu."

"Sikuulizi hiyo. Nauliza nani aliyeanza kusema huyu."

Ndahani alinitazama. Hakukuwa na msamaha wala lawama katika uso ule. Alinitazama kama alivyotazama chupa kabla ya kuamua ni ya kufungua au ya kuhifadhi. Kisha akasema, "Neno hilo ni langu. Hawa ni wanafunzi tu."

Neno hilo halikuwa lake. Lilikuwa langu. Polisi niliwaambia kwamba baada ya pigo la jicho nilizimia, na maelezo hayo yameandikwa na kutiwa sahihi yangu. Sikuzimia. Niliona rungu likipanda juu ya kichwa chake, la mti mweusi, lenye kifundo. Jicho langu la kulia lilikuwa zima. Nililifumba mwenyewe, na yaliyofuata niliyasikia tu.